Saa ya Mita Mia Mbili

Mwaka elfu mbili na tatu, mwezi wa tisa ukielekea mwisho, maji pale Mbekenyera yalikuwa ya foleni. Mwanamke aliacha ndoo yake kisimani alfajiri, akaenda kufagia chini ya mikorosho, akarudi saa tano jua limeshakasirika, na ndoo yake bado ni ya kumi na tatu. Ni mwezi huohuo, wala si mwingine, ambapo Tomasi aliletewa saa ya kuzamia baharini.

"Mita mia mbili," alimwambia dada yake Winfrida, mkono ameunyoosha kama anayengoja sindano. "Unaingia nayo chini ya maji mita mia mbili, haisikii kitu."

Winfrida alikuwa anapepeta. Hakuusimamisha ungo.

"Kisima chetu kina mita ngapi, kaka?"

"Hii si ya kisimani. Hii ni ya baharini."

"Na wewe bahari uliiona lini?"

Tomasi alisema hilo si la kuulizwa. Lindi aliwahi kufika mwaka themanini na nne, kwenye mazishi, ila walifika usiku na wakaondoka usiku.

Yangekuwa hayo tu, Winfrida angecheka na kuendelea na ungo wake. Lakini Tomasi hakuwa mtu wa kupewa kitu kwa uzuri wa sura yake. Aliyempa saa ni Saturnini, mnunuzi wa mawe ya kijani ya thamani pale Ruangwa mjini, mtu wa miaka arobaini kasoro, mwenye pikipiki na jino la dhahabu, ambaye akiongea na wewe anaangalia nyuma yako kama kuna mtu wa maana zaidi anakuja. Na Saturnini alikuwa anamtaka Doreen.

Doreen ndiye mtoto pekee wa Winfrida. Alikuwa na miaka kumi na tisa, kidato cha nne amekimaliza, na barua ya chuo cha ualimu Nachingwea ilikuwa imeshafika: aripoti Jumatatu, tarehe sita mwezi wa kumi. Barua hiyo Winfrida aliificha ndani ya Biblia, kisha akaitoa akaizika kwenye debe la ufuta, kisha akaona ufuta una wadudu, akairudisha kwenye Biblia. Kila jioni aliigusa.

Sasa, kwao mtoto ni wa ukoo wa mama, na mdomo wa ukoo wa mama ni mjomba. Baba aweza kuwepo au asiwepo. Wa Doreen alikwenda Tunduru kwenye mawe mwaka tisini na tano. Hakurudi na hakufa. Mposaji akija hasemi na mama. Anamtilia mjomba kitu mkononi. Mjomba akikirudisha siku ya wazee, kikiwa vilevile kilivyokuja, hakuna lililosemwa na kila mtu anakwenda kwake. Asipokirudisha, au akikirudisha kimeharibika, basi neno limetoka na binti ana mwenyewe.

Winfrida aliijua sheria hiyo kwa mwili wake. Yeye alitolewa kwa redio. Alikuwa amemaliza la saba, majibu anayangoja, mjomba wake akaletewa redio ya betri sita. Wakasema itasikilizwa wiki moja tu, halafu irudi. Siku ya tano ilianguka kutoka dirishani. Redio ilikufa palepale; ndoa ikachukua miaka kumi na miwili kufa. Majibu yalipokuja, alikuwa ameshafaulu na ameshapelekwa.

"Irudishe leo," alimwambia Tomasi.

"Nitairudisha, dada. Mimi simtaki yule, ananuka petroli. Lakini wazee wanakutana Jumamosi ya tarehe nne. Niache niivae mpaka hapo. Kuvaa si kukubali."

"Na ikiharibika?"

"Iharibike vipi? Nimekwambia mita mia mbili."

Hivyo ndivyo mtu mzima, mwenye mvi kifuani, alivyoweka maisha ya mpwa wake juu ya kifundo cha mkono ili watu wa kilabuni wamwulize saa ngapi.

Na walimwuliza. Msimu wa uraka, pombe ya mabibo, ulikuwa umeanza, kilabu kimejaa, na Tomasi alikaa katikati kama picha ya ukutani. Saa ilikuja na kisanduku, na ndani ya kisanduku kijitabu cha Kiingereza chenye picha. Saturnini alikuwa amempa habari zake kwa mdomo, naye Tomasi alizitoa kila siku, zikiongezeka. Kwamba mzee mmoja wa nchi ya theluji ndiye aliyeianza saa hii, akiwatengenezea wazamiaji wa jeshi waliokwenda kutegua mabomu chini ya meli. Kwamba mzee alimwachia mwanawe, na mwana akamwachia mwanawe. Kwamba mvaaji wa saa hii anaingia katika ukoo huo.

"Kutoka baba kwenda mwana," Winfrida alisema alipoyasikia. "Hata ukoo wenyewe ni wa upande usiofaa. Mama yake huyo mzee nani? Hawajui. Watu gani hao."

Doreen alikichukua kijitabu akakaa nacho na kamusi mchana mzima. Alipomaliza alikuwa anacheka peke yake.

"Mama, hii saa si ya zamani. Imetengenezwa mwaka juzi. Wameiga ile ya mwaka hamsini na nane."

"Mbona nukta zake zina unjano kama meno ya mvuta tumbaku?"

"Zimepakwa hivyo. Ni rangi, ili ionekane imezeeka."

Winfrida aliweka mwiko chini. "Mtu ana kitu kipya, anakizeesha makusudi, halafu wenzake wanakigombea. Waambie waje huku. Mimi nimezeeka bila rangi, na hakuna aliyeniletea kisanduku."

"Na hapohapo mwisho, kwa herufi ndogo, wanasema kiwanda kilifungwa mwaka sabini na nane. Wajukuu waliuza mashine. Mwaka tisini na tisa kampuni ya kutengeneza mikoba ikalinunua jina."

"Jina tupu?"

"Jina tupu."

"Wamenunua jina la marehemu," alisema Winfrida, "na kaburi lake nadhani hata kulifagia hawajui liko wapi. Na mjomba wako anajitia humo katikati, anataka kuwa mjukuu."

Siku ya nne saa ikasimama. Kijitabu kilieleza sababu, na Doreen alimweleza mjomba wake kwa adabu zote: saa ile haina betri, inaendeshwa na mkono wa mvaaji. Mkono ukitembea, ndani kuna kipande kinazunguka, kinakaza springi. Mkono ukilala, na yenyewe inalala.

Hebu fikiria. Saa iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wa kupigana na mawimbi, ikafungwa kwenye mkono ambao kazi yake ni kuinua bakuli la uraka na kulishusha. Ingefanya nini zaidi ya kufa kwa uchovu wa kukaa.

"Kalime, mjomba," Doreen alisema. "Itatembea."

Tomasi alicheka. Yeye saa anazijua. Ya mwalimu mkuu, ya karani wa ushirika, zote zilikuwa za ufunguo: asubuhi unasokota kile kifundo cha pembeni, unaachia, unaendelea na siku yako. Akakishika kifundo. Kilikuwa kigumu, akakizungusha kikalegea, kikatoka nje kidogo kama konokono. Akasokota. Saa ikaanza kutembea, naye akamtazama Doreen kama kusema: mnasoma nini huko. Kifundo akakiacha vilevile, nje. Hajawahi kuona saa inayofungwa kama chupa ya dawa. Hakuna pale aliyewahi kuona. Kila asubuhi akatia ufunguo na kila asubuhi akaiacha wazi.

Jumapili ya tarehe ishirini na nane, baada ya misa, mtu anayeitwa Stefano, mlevi wa kawaida lakini mwenye akili ya uchokozi, alimwambia mbele ya watu: "Shemeji, mita mia mbili umezipima wapi? Au na wewe umesimuliwa tu?"

Mtu mwenye akili angekunywa na kunyamaza. Tomasi aliagiza beseni.

Maji hayakuwepo kilabuni. Yalikuwepo kichwani kwa Doreen, aliyekuwa anapita na ndoo iliyomgharimu tangu saa kumi na moja alfajiri. Tomasi alimsimamisha barabarani, akaishusha ndoo kwa mikono yake mwenyewe, labda ndiyo kazi kubwa aliyoifanya mwezi ule, akamimina nusu ndani ya beseni. Doreen alisema, "Mjomba, usifanye." Akaambiwa mtoto hamwambii mkubwa.

Saa ikawekwa ndani ya maji. Wanaume kumi na saba waliinama juu ya beseni kama madaktari. Mishale ikaendelea kutembea. Walihesabu dakika tano, wakahesabu kumi, Stefano akakubali kwamba amenyamazishwa, Tomasi akaitoa saa, akaipangusa kwa shati, na watu wakapiga makofi. Jioni kioo kilikuwa na ukungu. Asubuhi ukungu ulikuwa tone, tone linatembea chini ya kioo, na mishale imesimama saa tisa na robo.

Saa ya mita mia mbili ilizama katika maji ya kina cha kidole.

Tomasi alikuja mwenyewe kwa dada yake, na hilo lilimtisha Winfrida kuliko kelele, kwa sababu kaka yake huitwa, haji. Aliiweka saa mezani. Winfrida aliitazama muda. Akavuta kigoda, akakaa. Alichokiona hapo mezani hakikuwa saa. Ilikuwa redio.

"Bado siku tano," alisema. "Niachie mimi. Na usiongee na mtu. Ukiweza."

Asubuhi ileile alidandia gari na Doreen mpaka Nachingwea, kwa fundi Yunusi, aliyekaa karibu na stendi nyuma ya kijimeza cha kioo. Yunusi kazi hiyo alifundishwa na mjomba wake, na mjomba wake aliipata kwa kurekebisha saa za Wazungu wa karanga, enzi za mashamba yao makubwa. Hakuwa na kijitabu cha kuyasema hayo. Watu walijua tu.

Alibana kioo chake jichoni, akaigeuza saa mara moja.

"Nani alikiacha hiki kifundo wazi?"

"Kinafungwa?" Winfrida aliuliza.

"Unasukuma ndani, unazungusha mpaka kigome. Kikiwa kimefungwa, nenda nayo unakotaka. Kikiwa wazi hata mvua ya rasharasha inaingia." Akafungua mgongo wa saa. Maji yalikuwemo, na kutu nyembamba, nyekundu kama ugoro, imeshaanza. "Na mashine yenyewe, mama, naifahamu. Angalia hizi nne hapa mezani, majina manne tofauti, ndani ni ileile. Kiwanda kimoja kinawauzia wote. Ukoo uko usoni tu."

"Utaweza kuirudisha kama ilivyokuwa?"

"Kutembea itatembea. Lakini uso wake umevimba, unauona? Na hii alama haitoki. Mwenyewe akiwa na macho mawili, ataona."

Winfrida akaona haina maana kuitengeneza, akaichukua vilevile.

Njiani kurudi Doreen alisema alilokuwa analiwaza tangu kwa fundi. "Mama, mjomba aseme tu kwamba alikifunga. Nani atajua?"

Winfrida hakumgombeza. Na yeye alikuwa ameshaliwaza, tena kabla ya mtoto. Lakini alimjua Tomasi. Uongo kwake haulali mara mbili. Angeubeba mpaka kilabuni akausimulie kama ushujaa, na Saturnini angekuwa amerudi kabla ya wiki kwisha. Na wanaume kumi na saba walikuwepo kwenye beseni. Siku tano zile hakula vizuri. Aliwaza akisonga ugali, aliwaza kwenye foleni ya maji, na Ijumaa akiwa ameshika kamba ya kisima ndipo alipopata swali. Hakuwa na jibu. Alikuwa na swali tu.

Jumamosi wazee walikaa. Mwenye kikao alikuwa mzee Abdala, jirani, Mwislamu wa siku nyingi pale, ambaye familia za Kikristo pia zilimwita kwa sababu hakuwa na ndugu wa kumpendelea. Saturnini alikuja na msemaji wake, Augustino, mtu wa sauti tamu. Tomasi aliitoa saa kwenye kitambaa, akaisogeza mbele, akasema inavyosemwa: tunarudisha kilichokuja.

Augustino aliinyanyua. "Imeingia maji. Haitembei. Uso umevimba. Wazee, hii si iliyokuja."

Saturnini alitabasamu, jino likaonekana. "Mimi sina ugomvi. Mjomba abaki nayo, awe na kumbukumbu. Mimi nitachukua aliye wangu, na mwalimu nitamfundisha mwenyewe nyumbani."

Doreen, aliyekaa kwenye jamvi la wanawake, aliangalia miguu yake.

Mama haulizi mposaji. Anamwuliza mzee, na mzee anauliza. Winfrida alipiga goti.

"Mzee, niulizie. Siku alipoitoa alisema inaingia maji mita ngapi?"

"Mita ngapi, bwana?" mzee Abdala aliuliza.

"Mia mbili," alisema Saturnini. "Na ni kweli."

"Niulizie, beseni lina mita ngapi?"

Watu walicheka. Hata mzee Abdala alishika ndevu. Augustino alingoja kicheko kiishe, kisha akasema taratibu, "Wazee, saa hii ina kifundo kinachofungwa. Kikiachwa wazi, maji yanaingia. Sisi tunamwuliza mjomba neno moja. Ulikifunga?"

Hapo ndipo penyewe. Macho yote yalimgeukia Tomasi. Winfrida hakumtazama; alitazama mkeka. Alisikia kaka yake anavuta pumzi, na alijua katika pumzi ile mna majivuno ya miaka hamsini, na mna wale kumi na saba, baadhi yao wamesimama palepale uani.

"Sikukifunga," Tomasi alisema. "Sikujua kama kinafungwa. Nilidhani ni ya ufunguo, kama ya karani."

Saturnini alijiegemeza nyuma. Augustino akafungua mikono: mmesikia.

"Mzee," Winfrida alisema, na sauti yake ilikuwa nyembamba, "niulizie la mwisho. Siku alipompa, alimwonyesha kinavyofungwa?"

"Ulimwonyesha?"

"Imeandikwa," alisema Saturnini. "Kwenye kitabu chake yote yameandikwa."

"Kwa lugha gani?" mzee aliuliza.

"Kiingereza."

"Mjomba huyu amesoma mpaka la ngapi, anajua?" Winfrida alimwuliza mzee.

"Si kuna Doreen? Angemsomea."

"Kumbe anajua kwamba Doreen ni wa kusoma," Winfrida alisema, safari hii bila kumpitia mzee, na hakuna aliyemkemea.

Mzee Abdala aliichukua saa akaikalisha kiganjani. Alizungumza kama anayefikiri kwa sauti. "Ukinipa mbuzi, hunifundishi. Mbuzi namjua. Ukinipa gobori usiniambie kwamba limeshindiliwa baruti, likanilipukia, halafu ukaja ukasema nimekuharibia gobori, nitakwambia hukunipa. Ulinitega. Ukanipa mti wake, mdomo wake ukabaki nao wewe." Akamsogezea Saturnini. "Huyu alipewa nusu. Nusu aliyopewa ndiyo hii. Imerudi."

"Mzee, saa hii ina historia ya miaka karibu hamsini," alisema Saturnini, na kwa mara ya kwanza alikuwa anamtazama mtu aliye mbele yake.

"Miwili," alisema Doreen kutoka kwenye jamvi. "Ukurasa wa mwisho. Herufi ndogo."

Augustino alimgusa mwenzake bega. Sauti yake tamu ilikuwa imepungua sukari. Wakaitia saa kwenye kitambaa, wakaaga kama inavyopasa, na pikipiki ikasikika mpaka barabara ya Ruangwa.

Wanawake walimshika Winfrida mikono, wakasema Mungu mkubwa. Mungu ni mkubwa, ndiyo. Lakini mama mwenye binti asimwachie Mungu kazi ya kumchunga kaka yake. Winfrida alishinda kwa uzi mmoja, kwa mzee mmoja aliyekuwa na akili siku ile. Angekuwa mwingine pale kwenye kiti, Doreen angekuwa anapika Ruangwa. Kaka akipewa kitu, kiwe cha dhahabu au cha bati, nenda siku hiyohiyo, usingoje wazee, usikubali neno la "niache nivae". Uliza kimetoka wapi, kinatumikaje, na kwa nini kimekuja kwake yeye, ambaye tangu azaliwe hajaletewa hata embe. Anayekusifia ukoo wa kitu, mwache amalize, halafu umwombe ukurasa wa mwisho.

Jumatatu gari la Nachingwea lilikuwa linaondoka saa kumi na mbili. Saa kumi na moja na nusu Winfrida alisimama mlangoni kwa Tomasi, akamwamsha, akamwonyesha sanduku la bati la Doreen. Hakuna aliyemsaidia Tomasi kujitwika. Lilikuwa na vitabu, sufuria, kilo tano za unga na godoro limefungwa juu yake.

Alilibeba mpaka barabarani, kichwani, jasho linamtiririka, Doreen mbele na dada yake nyuma. Karibu na kituo Tomasi alipunguza mwendo.

"Lakini dada, ilikuwa saa nzuri."

"Shika sanduku kwa mikono yote miwili," alisema Winfrida.